Kilichochacha Kinapoanikwa

Ndoo yangu ya pili ilipojaa, ile ya kwanza ilikuwa bado haijapata pa kwenda. Ninakaa ghorofani. Sina ua wala bustani, nina roshani nyembamba yenye vyungu sita na kamba ya kuanikia nguo. Na bokashi, kama kila anayeianza anavyoelekezwa, mwisho wake ni ardhini: unashindilia mabaki ya jikoni kwenye ndoo isiyopitisha hewa, unayanyunyizia pumba zenye vijidudu, ndoo ikijaa unaifunga na kuiacha wiki mbili, kisha unachimba shimo na kufukia. Nilifuata kila hatua hadi nilipofika kwenye kuchimba. Ningechimba wapi?

Nikaamua kuanika. Huu ni mwaka wa tatu nafanya hivyo, na nimejifunza mambo ambayo ningefurahi kama mtu angeniambia mapema, kwa sababu kazi yenyewe inaonekana nyepesi lakini makosa yake hujificha. Unagundua umekosea wiki moja baadaye, gunia likiwa tayari limeharibika. Kubwa kuliko yote ni hili: kuanika hakuivishi mboji. Kunaisimamisha ilipofika, kama vile mtu anavyokausha samaki au nafaka ili aitumie wakati wake. Bokashi kavu ni akiba. Nilipolishika hilo, maamuzi yangu yote ya kuanika yalibadilika: wapi, kwa joto gani, niongeze nini na nisiongeze nini.

Lakini kwanza tujue kinachoanikwa ni kitu gani.

Kuna mama mmoja mtu mzima anakaa chini yangu, ambaye mimi humwamkia kila asubuhi tukikutana ngazini. Siku moja baada ya kuniitikia alisimama, akavuta hewa.

"Mwanangu, kuna kitu kimekuozea huko juu?"

"Hakijaoza, Mama. Kimechacha."

Akanusa tena, safari hii taratibu. "Ni kweli," akasema. "Hiyo ni siki."

Tuna bahati ya kuwa na lugha inayotenganisha mambo haya mawili kwa maneno mafupi. Kilichooza kimevamiwa na kila mwenye njaa: bakteria wa kila aina, mabuu, na harufu inayokufanya ugeuze uso. Kilichochacha kina mwenyewe. Ndani ya ndoo iliyofungwa, bakteria wa asidi ya laktiki hula sukari iliyomo kwenye maganda na kutoa asidi, pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, inafika karibu 4, na wale wanaosababisha uozo hawawezi kuendelea. Ndiyo maana ganda la ndizi likitoka kwenye ndoo baada ya wiki mbili bado unalitambua kuwa ni ganda la ndizi. Limelegea, limebadilika rangi, lina harufu ya achari, ila umbo lake liko palepale. Halijawa mboji hata kidogo. Limehifadhiwa kwa asidi.

Neno bokashi ni la Kijapani, na wakulima wa Japani walikuwa wakichachusha pumba za mpunga, mashudu na unga wa samaki kwa ajili ya mashamba yao muda mrefu kabla ya ndoo za jikoni kujulikana. Hii ya ndoo ilienea baada ya Profesa Teruo Higa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, kule Okinawa, kuanza kutangaza mchanganyiko wake wa vijidudu katika miaka ya 1980: bakteria wa asidi ya laktiki, hamira, na bakteria wa zambarau wanaotumia mwanga. Pumba zinazouzwa leo za kunyunyizia kwenye ndoo nazo zilichachushwa, kisha zikakaushwa ili zikae. Kwa hiyo kukausha si jambo geni kwa bokashi. Tofauti ni kwamba pumba zina maji kidogo na chembe ndogo, ilhali mabaki ya jikoni ni mazito, yamejaa maji, na kila kipande kina tabia yake.

Na hapo ndipo nilipopotea mara ya kwanza. Nilimwaga ndoo nzima juu ya turubai, nikaitandaza unene wa kiganja, jua likiwa kali. Baada ya siku mbili sehemu ya juu ilikuwa ngumu kama ngozi kavu. Nikaridhika, nikaweka kila kitu kwenye gunia. Siku ya tano nilipita karibu na lile gunia nikahisi joto mguuni. Nikaingiza mkono: katikati palikuwa pamoto, pamelowa, na nilipoutoa, vidole vilikuwa na unga wa kijani. Harufu ya siki ilikuwa imekwisha. Badala yake kulikuwa na harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu.

Jua kali lilikuwa limekausha ngozi ya nje haraka mno, na ngozi ile ikawa kifuniko. Maji ya ndani yakakosa pa kutokea. Nilipoyafungia gunini, yale maji yakasambaa tena taratibu hadi kwenye sehemu kavu, hewa ikawa inapita, na asidi iliyokuwa ikilinda ikaliwa na ukungu. Bokashi ndani ya ndoo inalindwa na mambo mawili, asidi na kukosa hewa. Ukifungua ndoo umeondoa moja. Kuanzia hapo unashindana na muda: ukavu ufike kabla asidi haijaliwa.

Tuyatazame hayo maji vizuri, kwa sababu hesabu yake ndiyo iliyonifanya niache kutegemea umeme. Mabaki ya jikoni yaliyochacha, kilo 10, mara nyingi yana maji kilo 8 hivi. Kitu chenyewe ni kilo 2. Ili yakae bila kuota ukungu, maji yanatakiwa yashuke hadi asilimia 15 au chini zaidi, yaani uzito wote uwe kilo 2.35 tu. Kilo 7.65 za maji lazima ziondoke. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kwa hita kunataka kiasi cha uniti 0.67 za umeme, kwa hiyo ndoo moja ingekula zaidi ya uniti 5 hata kama hakuna joto lolote lililopotea, na joto hupotea siku zote. Kuchoma umeme kiasi hicho ili kuokoa maganda kunanisumbua moyoni. Upepo unafanya kazi hiyohiyo bure, mradi uandaliwe njia.

Sasa, maji mengine hayana haja ya kugeuka mvuke. Yanaweza kuchuruzika. Siku mbili kabla ya kuanika ninaiacha koki ya ndoo wazi, na juu ya mabaki naweka sahani yenye jiwe zito. Maji yanayotoka ni makali, yana asidi nyingi. Ninayachanganya sehemu moja kwa sehemu 100 za maji safi, ninamwagilia vyungu siku hiyohiyo, kwa kuwa yakilala yanaharibika na kunuka. Wakati mwingine hutoka nusu lita, wakati mwingine karibu lita nzima. Kila kikombe kilichotoka kwenye koki ni kikombe ambacho upepo hautakibeba.

Kukata nako kunafanywa mapema, mabaki yakiwa bado mabichi, kwa sababu yakishachacha yanateleza na kisu hakiyashiki. Vipande visizidi pingili ya kidole. Mifupa na kokwa kubwa ninavichachusha kwenye ndoo nyingine, ambayo rafiki mwenye shamba huichukua. Nyama na samaki bokashi inavimudu bila shida, lakini vikianikwa vinaita paka na panya kutoka mbali, na hakuna wavu utakaowazuia kwa usiku mzima.

Kichanja changu ni fremu ya mbao iliyotandikwa wavu wa dirishani, imesimama juu ya matofali manne. Hayo matofali ndiyo siri. Hewa ikipita chini na juu, muda wa kukauka unapungua karibu nusu, na hakuna upande unaobaki umelala kwenye unyevu wake wenyewe. Mabaki ninayatandaza unene wa sentimita 2, si zaidi. Kabla ya kutandaza ninayachanganya na konzi kadhaa za bokashi kavu iliyobaki mara iliyopita. Hilo nililigundua kwa bahati na sasa siwezi kuliacha: chembe kavu hunywa maji ya juu, hutenganisha vipande visigandamane, na yale matonge yanayofanana na ugolo uliolowa hayatokei. Asiyekuwa na akiba ya mara iliyopita atumie majani makavu yaliyopondwa au boksi la karatasi lililochanwa vipande vidogo.

Kisha ninaweka kichanja kivulini.

Najua watu wengi wanapinga. Jua lipo, kwa nini lisitumike? Nimeshaeleza habari ya ngozi ya nje. Kuna la pili pia. Ukitaka vijidudu wenye manufaa wabaki hai, angalau sehemu yao, joto lisivuke nyuzi 40 hivi, na mwanga mkali usiwapige moja kwa moja. Wengi watakufa kwa ukavu wenyewe, hilo halina budi, lakini hamira na baadhi ya bakteria wanaweza kulala wakasubiri. Ninajua wamesubiri kwa sababu bokashi kavu nikiilowesha na kuifungia kwenye chupa yenye vipande vya matunda, harufu ya uchachu hurudi. Kivulini penye upepo, hewa ikiwa kavu, kichanja changu huchukua siku nne hadi sita. Wakati wa unyevunyevu huchukua hata siku kumi, na hewa ikibaki na unyevu wa zaidi ya asilimia 80 mchana na usiku, sianiki kabisa. Ndoo inafungwa vizuri na inasubiri. Iliyochacha sawasawa inaweza kukaa imefungwa miezi bila madhara, kwa hiyo hakuna haja ya kulazimisha.

Ninaigeuza asubuhi na jioni kwa vidole, ninavunja kila donge ninaloligusa. Jua likizama ninaanua. Hii kazi ya kuanua ndiyo inayochosha na ndiyo watu huiacha kwanza, ila kitu kilichokauka nusu hunyonya unyevu wa usiku kwa pupa, na asubuhi unakikuta kimerudi nyuma kwa siku nzima. Ninakifunika kwa kitambaa cha pamba na kukiingiza ndani. Kuna harufu, sitaficha, lakini baada ya siku ya pili inakuwa kama ya mkate wa chachu. Asidi ya siki ni nyepesi, inaondoka na mvuke, na hiyo ndiyo inayofika ngazini kwa jirani. Asidi ya laktiki ni nzito, inabaki.

Siku mbili za kwanza ni za inzi. Inzi wadogo wa matunda wanapenda harufu ya siki kuliko kitu chochote, na inzi wa nyumbani hutafuta palipolowa ili atage. Wavu uwe mwembamba, na usiguse chakula chao, maana inzi anaweza kutaga akiwa amesimama juu ya tundu. Juu ikishakauka hawana tena haja na wewe.

Kosa langu la pili lilinifundisha zaidi kuliko la kwanza. Baada ya yule mama kuuliza habari ya harufu, niliona aibu kumkera, nikatafuta njia ya kuipunguza. Nikakumbuka jivu. Jivu linaua uchachu, kila mtu anajua. Nikalinyunyiza juu ya kichanja kizima, nikachanganya kwa mikono, nikasubiri hewa iwe safi. Ndani ya saa moja macho yalianza kunichoma. Harufu ya siki ilikuwa imeisha kweli, na mahali pake palikuwa na harufu ya mkojo uliolala.

Ile ilikuwa amonia, na amonia ni naitrojeni inayokimbia. Naitrojeni ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote ndani ya ndoo, ndiyo inayoyafanya majani yawe ya kijani. Palipo na asidi, amonia hujifunga na kuwa chumvi isiyoruka hewani. Inabaki ndani ya mabaki hata maji yakiondoka. Ukiongeza jivu au chokaa, asidi inakufa, kile kifungo kinafunguka, na gesi inapaa pamoja na mvuke. Nilikuwa nimesimama pale nikinusa mbolea ya vyungu vyangu ikienda zake. Tangu siku hiyo chochote chenye jivu au chokaa hakikaribii kichanja. Uchachu unaoudhi pua ndio unaoshikilia mali. Kama udongo wako utahitaji chokaa, chokaa itiwe udongoni, wiki kadhaa baadaye, baada ya bokashi kuliwa na kutulia.

Namna ya kujua imekauka: usiamini vidole. Vidole vinasoma nje tu. Ninachukua konzi moja kutoka katikati ya kichanja, naitia kwenye chupa ya kioo iliyo safi na kavu, nafunga kifuniko, naiweka mahali penye joto usiku mzima. Asubuhi naiinua kwenye mwanga. Kioo kikiwa kimetoa jasho, hata matone madogo kabisa shingoni mwa chupa, yote yanarudi kwenye kichanja. Kioo kikiwa kikavu, nachukua kipande kinene kuliko vyote na kukivunja. Kilicho tayari kinakatika kwa mlio. Kinachopinda kama kamba bado kina maji. Ganda la machungwa ndilo hudanganya zaidi: juu linakwaruza kama mbao, ndani lina utando laini unaohifadhi unyevu siku mbili zaidi ya vingine vyote. Kwa hiyo mimi hupima kwa ganda la machungwa.

Kikishakauka ninakiponda, ninakichekecha, ninakitia kwenye makopo yenye vifuniko vya kubana. Uchekeche nje na ufunge kitambaa puani na mdomoni, maana vumbi lake lina mbegu za ukungu hata kama huuoni, na mapafu hayana haja nalo. Ukikuta ukungu mweupe kama pamba wakati wa kuanika, huo si tatizo, uvunje na uendelee. Wa kijani au mweusi ukiwa mahali pamoja, toa sehemu hiyo. Ukiwa umeenea, ipeleke yote kwenye lundo la mboji la kawaida, huko joto na hewa vitaimaliza.

Jambo moja zaidi kuhusu ile hesabu ya kilo 10 kuwa kilo 2.35: maji yanaondoka, chumvi haiondoki. Ndoo yenye chakula kingi kilichopikwa na kutiwa chumvi inatoa unga wenye chumvi zaidi ya mara nne kwa uzito uleule. Kwenye shamba kubwa mvua ingeisambaza. Kwenye chungu inabaki na mizizi. Ndoo ninazopanga kuzianika sasa ninazijaza maganda, mboga mbichi, majani ya chai na unga wa kahawa uliotumika, na chakula kilichopikwa ninakipeleka kwenye ndoo ya yule rafiki wa shambani.

Matumizi ni mepesi kueleza. Konzi mbili kwa ndoo ya udongo uliotumika, changanya hadi chini, lowesha kama kitambaa kilichokamuliwa, funika, acha wiki tatu kabla ya kupanda. Usiimwage juu ya udongo kwenye chungu chenye mmea, kwa sababu itaota ukungu na kuita inzi, na usipande siku hiyohiyo unayoichanganya. Ile iliyosimamishwa inaanza tena ikiguswa na maji: vijidudu vinaamka vyote kwa pamoja, vinavuta oksijeni na naitrojeni, asidi inapanda, na mzizi mchanga uliopo katikati ya shughuli hiyo unaungua. Nimepoteza miche ya nyanya kwa kukosa subira ya siku kumi. Sehemu nyingine ya unga ninairudisha kwenye ndoo mpya, nusu yake na nusu pumba za kununua, na ndoo zinachacha vilevile.

Kopo la zamani kuliko yote nililonalo nililifungua majuzi. Lilikuwa limekaa miezi kumi na moja kwenye kabati. Nilimimina konzi mbili kwenye udongo wa chungu kilichochoka, ule udongo wa kijivu unaosinyaa na kujitenga na kuta za chungu, nikachanganya, nikalowesha, nikafunika kwa gazeti. Siku ya tatu niliweka kiganja juu yake pakawa na uvuguvugu. Siku ya tisa niliinua gazeti: nyuzi nyeupe nyembamba zilikuwa zimetanda kati ya chembe na chembe, na nilipozitenganisha kwa kidole udongo chini yake ulikuwa mweusi. Nikatafuta kipande cha ganda la machungwa, maana hicho ndicho kingekuwa cha mwisho kuisha. Nilikipata kimoja, chembamba kama karatasi, kikavunjika nilipokigusa. Nikarudisha gazeti. Bado siku kumi na mbili kabla ya kupanda.